Nani Atalaza Majani

Mama yangu hakuzaliwa mlimani. Kwao ni Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa watu wa ugali wa muhogo na usipa, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juani hadi vinalia ukivishika. Alipoolewa huku juu Kitura, mawifi zake walimpa jembe siku ya tatu, wakakaa pembeni kumtazama. Walicheka hadi machozi. Mtoto wa ziwani, walisema, atachimba ngoro lini?

Akachimba. Kufikia nilipopata akili, hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyechimba ngoro nzuri kumshinda, na yeye mwenyewe alilijua hilo na hakulificha.

Kwa asiyeijua ngoro, ni shamba la mashimo. Miteremko yetu ni mikali, ukiangusha kiazi juu unakiokotea mtoni. Basi mvua zinapoelekea ukingoni, mwezi wa tatu, mwanamume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, halafu huyalaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima wote unakuwa miraba. Mwanamke anamfuata na jembe. Anachimba katikati ya mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule, na kinachobaki ni shimo lililozungukwa na tuta pande zote nne. Juu ya tuta yanapandwa maharage. Maji ya mvua yakija yanaingia shimoni, yanatulia humo, hayana pa kukimbilia. Mwanamume alaze, mwanamke achimbe. Nilikua nikijua hivyo kama ninavyojua kwamba Jumapili ni kanisani.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Tangu hapo aliyelaza majani alikuwa kaka yangu, naye alikuwa na jicho. Hakutumia kamba wala vigingi. Alisimama juu ya shamba, akafumba jicho moja, akateremka na mzigo wa majani kifuani, na mstari ukanyooka.

Halafu akaamua kwenda Afrika Kusini, Bondeni kama wanavyoita vijana. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi jipya, mimi nalia, majirani wanamwombea safari njema. Mama hakulia. Alimuuliza swali moja tu.

"Sasa nani atalaza majani?"

Kaka akacheka. "Mama, nitakutumia hela, utaweka watu."

Alitimiza, siwezi kumsingizia. Alifungua kibanda cha kunyolea nywele, na kila mwezi simu ililia. Tukaezeka bati. Mimi nikapata cherehani, nikafungua ufundi wangu pale senta. Mama akapata umeme wa jua na kitanda cha mbao ngumu alichokiogopa wiki nzima kabla ya kukilalia. Watu wakaanza kumwita Mama Bondeni. Kigangoni, kila mchango ulipotangazwa, shingo ziligeukia benchi letu kabla katekista hajamaliza kusema. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye zamani alipita kwetu Krismasi na Pasaka, sasa alipita kila pesa ilipoingia. Sijui alikuwa anaisikia harufu.

Nakiri kwamba nilipenda. Nilipenda kupita senta nikisalimiwa na watu ambao zamani hawakuniona. Na namba ya kuchukulia pesa ilikuwa inakuja kwenye simu yangu, kwa sababu mama hakupenda vibonyezo, kwa hiyo bila mtu yeyote kutamka, mwenye simu akawa ndiye mwenye nyumba. Mama alianza kuniomba chumvi. Mwanamke aliyenilea kwa jembe lake ananiomba chumvi, na mimi nampa, wala sioni kitu.

Shambani aliacha kwenda. Tuliweka watu, kama kaka alivyosema. Vijana wa jirani walilaza majani, wanawake wengine wakachimba, mama akabaki uani anakuna magoti. Alisema yanauma. Mimi nikaamini ni uzee.

Kisha nikafanya kosa, na kosa lile ni langu, simgawii mtu. Vijana walianza kunizungusha, leo wapo, kesho wamekwenda kuchuma kahawa ya watu. Nikachoka. Nikapata kikundi cha vibarua kutoka tambarare, wepesi, wachangamfu, waliosema ngoro ni kupoteza muda na wao watanimalizia shamba lote la chini kwa siku mbili. Wakapiga matuta marefu, mazuri kweli, yameteremka moja kwa moja kutoka juu hadi bondeni mwa kijito.

Mama alipanda taratibu akaja kuyaona. Akasimama kwenye kona ya shamba.

"Maji yatapita wapi?"

"Mama, dunia imebadilika," nikamjibu.

Alinitazama. Halafu akageuka akateremka, kwa sababu shamba lilipigwa kwa pesa, na pesa ilikuwa kwenye simu yangu. Hadi leo nikilikumbuka jibu langu lile nasikia aibu masikioni.

Januari mvua ilinyesha mchana mmoja, ile mvua nzito ambayo ng'ambo ya bonde huioni. Yale matuta yaligeuka mifereji. Maji yalishika kila mfereji na kukimbia nao, na ilipokatika, mahindi yangu yalikuwa mtoni pamoja na udongo ambao baba na baba yake waliutunza. Kulibaki jeraha jekundu kutoka juu hadi chini. Nililia kwa hasira. Mama hakusema neno la nilikwambia, na ningeona afadhali angesema.

Kabla mwezi haujaisha, kaka akapiga simu kwa namba ya mtu. Mtaani kwake wageni walikuwa wamefukuzwa, kibanda chake kimevunjwa na kuchomwa, yeye ni mzima, amelala kanisani na wenzake. "Msinitumainie kwa sasa," akasema. Kisha kimya.

Nyumba yetu ilibadilika siku ileile. Sukari ilikwisha, wageni wakaisha. Baba mdogo peke yake ndiye aliyekuja, nadhani kwa mazoea, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, akafuta mdomo, akasema: "Ndiyo maana wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Mimi si mtu wa kunyamaza. "Baba mdogo, na lile bati la nyumba yako lilitoka kwa ndugu wa nani?"

Mama akaniamuru niombe radhi palepale. Nikaomba, kwa mdomo tu. Lakini neno lilikuwa limeniingia, kwa sababu lilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachochoma kuliko kweli iliyosemwa na mtu anayekunywa chai yako.

Mwezi wa tatu ulipofika, nilifunga cherehani kwa turubai, nikachukua fyekeo la kaka lililokuwa limeota kutu nyuma ya mlango, nikapanda upande wa juu wa shamba ambao ulikuwa umepumzika. Mama akanifuata hadi mlangoni.

"Wewe ni mwanamke. Unakwenda kufyeka?"

"Nani mwingine atalaza majani, mama?"

Nilifyeka siku nne, viganja vikachubuka hadi sikuweza kushika sindano. Wapita njia walisimama kunitazama. Wengine walisema maneno, na mimi nikawajibu maneno, kazi ikaenda. Majani yaliponyauka nikaanza kuyalaza. Nilifumba jicho moja nilivyomwona kaka akifumba. Mstari ukaenda vizuri hatua kumi, halafu ukaanza kuvuta kushoto, nikaurudisha, ukavuka kulia.

Nikasikia kicheko nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na jembe begani, kanga kaifunga kiunoni kama msichana, anacheka mpaka ameshika magoti, yale magoti yanayouma.

"Mwanangu, mistari yako imelewa!"

"Basi nisaidie kuinyoosha."

"Mimi sijui kulaza. Mimi najua kuchimba." Akatema mate viganjani, akashuka kwenye mraba wa kwanza.

Sijui nilieleze vipi lile jembe. Miaka yote nilidhani mama amepumzishwa, kumbe amewekwa kando. Alichimba mpaka jua likawa kali, na kila shimo alilolimaliza alirudi nyuma hatua moja akaliangalia. Siku ya pili wakaja wanawake wa jirani bila kuitwa, kila mmoja na jembe lake. Kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita ngokela, unachimba kwangu leo, kesho kwako, na mwenye shamba anapika. Mama akawapikia makande na togwa. Yule bibi mmoja aliyebaki kati ya waliomcheka siku ile ya ujana wake alipita, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Mnyasa bado anachimba." Mama akajifanya hajasikia, lakini jioni alinirudia maneno yale mara tatu.

Maharage yalitoka. Yalitoka kwa ile mistari iliyolewa, yakajaza magunia mpaka tukashona mengine kwa mabaki ya vitambaa vyangu. Tukauza, tukaongeza nguruwe mmoja na kahawa ya nyuma ya nyumba. Wakati huo kaka alikuwa amepatikana tena, analala kwa rafiki, hana kazi, hana nauli. Mama aliniuliza kitu kimoja: "Zinatosha kumleta?" Zilitosha.

Nilikwenda Mbinga mjini, kwenye dirisha la pesa za nje nililokuwa nimelizoea. Karani naye alinizoea. Akaninyooshea fomu ya kupokea kabla sijafungua mdomo.

"Leo natuma," nikamwambia.

"Unatuma wapi, dada?"

"Bondeni."

Akaniangalia, akaangalia fomu, akaniangalia tena. Nilimrudia kwa sauti ya kutosha foleni nzima kusikia. Sina aibu kusema kwamba nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara. Sisi, wa kupokea, tumetuma. Nilinunua soda nikainywa nimesimama, nikacheka peke yangu.

Kaka alithibitisha amepata. Mwezi ujao, akasema, yuko njiani. Mwezi ujao ukafika, akasema kuna karatasi anaisubiri. Kisha kuna mtu hajampa jibu. Kisha Krismasi ikapita. Mama alikuwa amefua shuka za kile kitanda cha mbao ngumu ili mwanawe alalie, akazifua tena, akazifua mara ya tatu. Mimi nikaanza kufikiri mambo mabaya, kwamba amezila zile pesa, kwamba ana mke huko, kwamba hatamwona mama tena akiwa na nguvu za kushika jembe. Mama hakuwaza hayo. Alikuwa anahesabu miezi mpaka wa tatu.

Mwishoni mwa mwezi wa pili akapiga kwa mtandao, kwa namba yake ileile ya kule. Mama alikuwa pembeni yangu anamenya viazi, nikaweka sauti ya nje. Kaka anaeleza habari ya karatasi, anaeleza vizuri, na nyuma yake, wazi kabisa, mwanamke akapita akinadi kwa sauti ya kupasua anga:

"Usipaaa! Usipa wa leo, usipa wa Lipingo!"

Kaka akakatisha neno katikati. Mama akaacha kumenya.

"Kaka," nikasema, "huko Bondeni nako wanauza usipa?"

Simu ikakatika.

Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono. Hakukasirika. Nilimwona akitabasamu kwa upande mmoja, akajaribu kulificha tabasamu, likamshinda. "Lipingo ni jirani na Lundo. Yuko kwetu," akasema. "Nipe kanga yangu nzuri."

Kesho yake tulipanda gari Mbinga, tukateremka ile milima yote kuelekea ziwani, mama kaniachia dirisha kisha akanihamisha akalichukua mwenyewe. Hakuwa amefika kwao miaka mingi. Ziwa lilipotokea chini yetu alisema tu, "Lipo." Pikipiki ikatumalizia hadi Lundo.

Mjomba, kaka yake mama, alituona kwa mbali akaanza kueleza kabla hatujafika. "Dada, mimi nilimwambia. Kila siku nilimwambia. Na yule mama wa Lipingo nimemkataza kupita hapa kijana anapoongea na simu, lakini sauti ile utaizibaje?"

"Shikamoo mjomba," nikasema, ili apumue.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Yuko kwenye vichanja."

Kaka alikuwa anageuza usipa juu ya vichanja, kavaa kaptula, kakonda. Alipogeuka akatuona, mkono wake ulibaki hewani na visamaki vikidondoka. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Mama akakaa mkekani, akaomba maji, akaomba chakula. Wakamletea ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, akala wote, polepole, akalamba vidole, na mwanawe amesimama mbele yake muda wote huo akisubiri hukumu. Nilitaka kumrukia kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi. Sikufanya hata kimoja kwa sababu mama alikuwa hajamaliza kula.

"Umefika lini?"

"Mwezi wa kumi, mama. Nilipita Malawi, nikavuka ziwa."

"Kutoka hapa hadi nyumbani ni siku moja. Miezi minne yote umeshindwa na nini?"

Akatazama miguu yake. "Mkono mtupu haulambwi, mama. Niliondoka na begi, nimerudi na mfuko wa nailoni. Hata hiyo nauli ni ninyi. Nitapitaje pale senta? Nilitaka kwanza nipate kidogo huku kwa mjomba, ninunue hata viatu."

Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Mama akamwacha alie. Halafu akamvuta chini mkekani, akamgeuza viganja, akavitazama.

"Mimi nilipelekwa mlimani na mikono mitupu," akasema. "Sikujua hata jembe linashikwaje. Walinicheka wewe hujazaliwa. Nikachimba. Wale wote walionicheka nimewazika, amebaki bibi mmoja, na yeye sasa ananisifu. Wewe unaogopa kuchekwa na nani?"

Kaka akajifuta macho kwa mkono.

"Basi jiandae. Wiki ijayo ni mwezi wa tatu, na dada yako analaza majani kama mlevi."

Nikajaribu kujitetea. Hakuna aliyenisikiliza, maana mjomba alikuwa ameshaanza kucheka, na kaka naye, huku machozi hayajakauka.

Kesho yake tulirudi. Kulikuwa na mnada Kitura, watu wamejaa. Dereva wa pikipiki alitaka kutupitisha njia ya nyuma, mama akakataa. Alishuka mwanzoni kabisa mwa senta, akamshika kaka mkono, akapita naye katikati, kaka kavaa ndala za mjomba na mfuko wake wa nailoni, mimi nyuma yao na kapu la usipa kichwani. Mama alisimama kwa kila mtu. "Mwanangu amerudi," alisema, na kusalimiana kukachukua saa nzima. Niliwatazama watu usoni nikitafuta wa kucheka, niko tayari. Sikumpata. Wengi walimshika kaka mkono kwa mikono miwili.

Baba mdogo alikuwa kwenye benchi la duka la nyama. Akamwangalia kaka kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Karibu, mwanangu. Umetuletea nini kutoka Bondeni?"

Kaka akaanza kuinamisha kichwa. Mama akamjibia.

"Ameleta jicho lake. Jumatatu njoo uone mistari, shemeji. Njoo na fyekeo."

Na amini usiamini, Jumatatu baba mdogo alikuja. Wakafyeka upande wa chini, lile jeraha langu jekundu ambalo kwa mwaka mzima lilikuwa limeota majani. Yaliponyauka, kaka akasimama juu, akafumba jicho moja, akakumbatia mzigo, akateremka. Alianza kwa wasiwasi. Kufikia mstari wa tatu nilitaka kupiga vigelegele, na nikapiga. Mimi nililaza mistari ya kukatiza, kwa sababu sasa fyekeo ni langu pia na simrudishii mtu. Mama na wenzake wakatufuata na majembe. Nyumbani simu ilibaki mezani, na kama ililia, hakuna aliyekwenda kuipokea.

Mchana tulikaa kula viazi. Kaka akainua macho upande wa juu, kwenye ngoro zangu za mwaka jana, mahindi yamesimama juu ya matuta yake, mabichi, marefu, yamepinda kufuata mistari, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Akacheka akapaliwa.

"Ile alilaza nani? Jamani! Mama, tukishavuna ile naifumua yote niinyooshe."

Mama hakucheka. Alimeza kiazi chake, akanyoosha kidole kuelekea kule juu.

"Ile usiiguse," akasema. "Ile ndiyo iliyokulipia nauli."

Kaka akaitazama mstari kwa mstari. Kisha akanyanyuka, akanipokea mzigo wa majani, na tukaendelea kulaza.